Injinia wa Kichochoro

Joash Sitati hakuwa injinia, lakini alikuwa na koti la reflekta, na mjini Nakuru tofauti ya mambo hayo mawili huonekana mwisho wa mwezi tu.

Jumatatu asubuhi alikuwa nyuma ya soko, akitazama lori la saruji likihangaika kutoka kwenye yadi ya Kihara, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Njia ya pekee ilikuwa kichochoro kinachounganisha soko na barabara kuu, na kichochoro kilijaa mikokoteni, bodaboda na akina mama wenye magunia ya viazi. Lori lilikwenda mbele hatua moja, likarudi nyuma mbili. Kihara alisimama kando, kofia mkononi, akiwatukana wote kwa zamu.

Mtu mwingine angeona msongamano. Joash aliona mteja. Akavaa reflekta yake, akaupima ukuta wa Kihara kwa hatua, akatikisa kichwa kama daktari.

"Boss, hii njia inakusumbua," alisema. "Kwa plan mpya ya mji inaweza kufungwa. Unaweka geti, inabaki yako peke yako."

Kihara alimkagua kuanzia viatu. "Na hawa watu watapita wapi?"

"Watazunguka. Kutembea ni afya."

Kihara alicheka kidogo. "Ofisi ya mipango ya mji itakubali?"

"Ofisi inataka kitu moja tu, karatasi ya kuonyesha wakazi walihusishwa na wakakubali. Hiyo niachie mimi."

Wakapatana: elfu themanini papo hapo, na themanini nyingine sahihi za wakazi zikipatikana. Msidhani Kihara alikuwa mjinga. Alikuwa na tamaa tu, na mwenye tamaa huona aibu kumwomba kitambulisho mtu anayemwahidi barabara nzima.

Ujanja wenyewe ulikuwa mwepesi. Watu wa mtaa wamezoea karatasi za mahudhurio: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Hakuna anayeuliza sehemu ya juu ya karatasi imeandikwa nini, kwa sababu macho yote yako kwenye kreti za soda. Joash angeacha nafasi tupu juu, kisha baada ya mkutano aijaze kwa mwandiko mzuri: sisi wakazi tunaomba kichochoro kifungwe.

Kilichobaki ni mtu wa kuaminika wa kushika karatasi. Akamchagua Wachuka, mama mwenye kibanda cha chai na mandazi hapo hapo kichochoroni, mkabala na ukuta wa Kihara, tangu kabla ukuta wenyewe haujajengwa. Kichochoro kikifungwa, hakuna mguu utakaopita tena mbele ya sufuria za Wachuka, na karo ya watoto wake wawili ilitoka kwenye sufuria hizo. Joash alilijua hilo na likamchekesha. Huruma yangu kwa Joash iliishia hapo.

"Mathe, Alhamisi tuko na kamkutano ka kupanga magari hapa," alimwambia. "Wewe ndiye utagawa soda na mkate. Mtu asiposaini, hanywi."

"Sawa, injinia. Na hapa juu niandike nini?"

"Wacha tu hivyo. Ofisi itajaza."

"Ofisi," alisema Wachuka, akifuta mikono kwenye aproni. "Haya."

Joash aliiona aproni. Hakujua kwamba aliyeivaa alikuwa katibu wa chama cha akina mama kwa miaka kumi na minne, na kwamba alikuwa ameshawafukuza wenyeviti wawili kwa sababu ya nafasi tupu juu ya karatasi.

Alhamisi watu walijaa. Joash alieleza mtiririko wa magari kwa dakika ishirini, akichora duara hewani, na watu wakapigia mkate makofi. Lakini karatasi ilipoanza kuzunguka, wakasita. Wachuka akamnong'oneza, "Injinia, watu wanaogopa kuandika ID. Wewe na mzee Kihara mkianza, watafuata."

Lilikuwa wazo zuri kabisa. Kihara akasaini wa kwanza. Joash akasaini wa pili, na kwa kuwa majivuno hayana likizo, akatanguliza "Inj." mbele ya jina lake. Watu sitini na wawili wakafuata na kunywa soda zao.

Jumatatu iliyofuata Joash alirudi kuchukua karatasi. Kihara alikuwa akimngoja kibandani na ile nusu ya pili. Wachuka akawapa nakala.

"Hii ni photocopy," Joash alisema.

"Original iko ofisini. Nilipeleka Ijumaa, wakagonga muhuri. Uliacha nafasi juu, nikaijaza."

Joash akasoma. Mimi Kihara, mwenye yadi, nakiri mbele ya wakazi kwamba ukuta wangu umeingia kichochoroni mita tatu, kama alivyopima Injinia Sitati, na naomba urudishwe ili magari na watu wapite. Kihara akainyakua ile karatasi, akaisoma mara mbili, akapauka kama saruji anayouza.

Ofisi ilikuwa haijawahi kupokea barua ya mwenye ukuta anayejishtaki. Ikamtuma mpimaji haraka, labda kuhakikisha kwamba mzee hajaugua. Alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Chepngeno, na alifika na utepe wa kupimia kabla chai haijapoa.

"Huyu si injinia," Kihara akamwambia upesi.

"Basi ulimwita afanye nini hapa, mzee?"

Kihara akafungua mdomo, akakumbuka zile elfu themanini, akaufunga.

Chepngeno akamgeukia Joash. "Ni wewe ulipima?"

Joash akafikiri. Akisema hapana, atakuwa amekiri kwamba si injinia, na hilo ni kosa la kujifanya mtumishi wa umma, na polisi wako karibu. Akisema ndiyo, ni shahidi dhidi ya mteja wake.

"Ndiyo, madam. Mita tatu."

Utepe ukavutwa. "Tatu na nusu," Chepngeno alisema. "Ulimwonea huruma, injinia."

Kihara alimsogelea Joash sikioni. "Themanini zangu, saa hii. Ama leo unalala ndani." Joash akazituma kwa simu, na makato ya kutuma yakawa juu yake.

Alikuwa akijiandaa kuondoka polepole Chepngeno alipomwita. Maadamu amefika, alisema, atapima kichochoro chote hadi barabara kuu, na msaidizi hana.

"Injinia, shika huku."

Joash akashika. Alishika hadi saa kumi jioni, jua likimchoma, akina mama wa viazi wakipita na kumpongeza. Ilikuwa siku yake ya kwanza ya kazi halali tangu aingie Nakuru, na aliichukia kila dakika.