Mfalme wa Mwanga na Ua la Nyakabanda

Jumatano, 26 Novemba
Mimi nimezaliwa na bahati. Wengine huzaliwa na shamba, mimi na bahati. Leo nimetoka kununua chumvi tu, nikaliona! Ua la porini, la zambarau, dogo kama kifungo cha shati, limesimama peke yake ukingoni mwa mfereji. Wapita njia wote vipofu. Ni mimi tu, Lusekelo, mwenye macho.

Dada Gahongayire, jirani yangu mtengeneza kadi, anatafuta picha ya ua kama hilo. Kadi za mwaka mpya, za hoteli moja ya Nyarutarama, mtaa wa matajiri. Hajawahi kupata oda kubwa hivyo. Picha isipofika Jumapili, kazi anapewa mwingine. Alitaka kumpa Kenny, yule mwenye kamera yenye mdomo mrefu kama korongo. Nikamwambia dada, tulia, mimi nimepiga picha Mbeya, Goma mpaka Kampala. (Kampala nilipita ndani ya basi. Lakini nilikaa dirishani.)

Nikapiga saa saba mchana kwa simu. Aibu! Upande mmoja ua jeupe kama unga, upande wa pili jeusi kama masizi. Kenny akapita, akasema kaka, jua la saa saba si rafiki wa ua. Nikamjibu kwamba mimi na jua tulijuana yeye bado hajaota meno.

Alhamisi, 27 Novemba
Nimevumbua! Jua kali lazima lichujwe, kama chai. Nikaazima shuka jeupe la Mama Ihirwe, mwenye nyumba wangu. Kuazima maana yake lilikuwa kwenye kamba na yeye alikuwa sokoni. Nikalitundika kwenye vijiti juu ya ua. Ee bwana! Mwanga ukawa laini kama maziwa.

Chini ya petali tu ndiko kulikobaki giza. Nikainua ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula, mwanga ukaruka kutoka chini. Ukaruka zaidi. Ukamwingia machoni mwendesha pikipiki mmoja, akaegesha ndani ya mfereji. Hakuumia. Maneno aliyoniambia kwa Kinyarwanda sijawahi kuyasikia kanisani.

Nikiwa namwomba radhi, upepo ukalibeba shuka hadi kwenye matope. Mama Ihirwe akaniuliza kama hilo ua lina kitanda. Nimelifua mara mbili. Bado lina rangi ya matope ya mtaa wetu, Nyakabanda.

Ijumaa, 28 Novemba
Asubuhi mawingu. Nikalala. Nani anapiga picha bila jua?

Jioni, saa kumi na moja, jua likashuka, la dhahabu, laini kama siagi. Huu ndio mwanga! Lakini nyasi ndefu za upande wa magharibi zinalizuia, ua limo kivulini. Kenny akanishauri nichukue mkasi, nikate konzi mbili tu za nyasi. Mkasi! Mtu mkubwa kama mimi ainame na mkasi wakati kesho ni umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, na mtaa mzima unatoka na panga?

Nikaenda kwa Mzee Ntare, kiongozi wa mtaa. Nikamwambia ukingo ule ni aibu, una mbu, pengine na nyoka. Mzee akafurahi mno. Walipanga kuziba mashimo ya barabara, akabadilisha papo hapo. Akauliza kama kuna kitu cha kuacha. Nikasema fyeka, mzee, fyeka yote. Ua sikulitaja. Ningelitaja, Kenny si angejua mpango wangu? Kesho jioni jua litaingia kama mgeni rasmi.

Jumamosi, 29 Novemba
Mzee Ntare akanisifu mbele ya watu wote. Akasema mwenye wazo ndiye afungue kazi, akanikabidhi panga lake. Ningekataaje? Wakapiga makofi. Mimi nikipigiwa makofi huwa sioni vizuri. Nikafyeka kwa mbwembwe, kushoto, kulia, nikizunguka kama mcheza ngoma. Watu wakashangilia. Nikazidisha.

Kisha nikatazama chini. Zambarau kidogo kwenye panga.

Nimelifyeka mwenyewe! Ua langu lenyewe!

Kwenye mkutano baada ya kazi nikasifiwa tena. Jioni jua likaingia kama nilivyotaka, la dhahabu, bila kizuizi. Likamulika udongo mtupu. Nikaenda kumwambia dada Gahongayire. Hakunigombeza. Aliendelea kukunja kadi zisizo na picha. Chakula cha usiku kimenishinda, nami si mtu wa kushindwa na chakula.

Jumapili, 30 Novemba
Yampaye inka, kama wanavyoshangaa watu wa hapa! Kenny alilipiga picha Ijumaa asubuhi, mimi nikiwa nimelala. Anasema mawingu ni shuka la Mungu, halianguki matopeni. Koti lake likazuia upepo, kipande cha karatasi nyeupe kikaondoa giza la chini. Basi. Picha amempa dada baada ya ibada, na hoteli imekubali. Nimecheza barabarani kwa furaha. Kweli kabisa, si maigizo.

Nimemwambia dada kadi za Pasaka aniachie mimi. Mashuka mawili, karatasi ya fedha kubwa kama mlango. Mzee Ntare nitamwomba watu kumi wa kuzuia upepo. Mama Ihirwe amehamishia kamba yake ya nguo ndani.

Ile bahati ya Jumatano ni uongo. Ua sikuliona mimi. Alinionyesha Kenny.