Mishale Myekundu ya Kabuta

Jumatatu, 13 Januari

Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nataka kuwa mtembeza wageni.

Mimi! Mimi Léonie, ambaye shuleni nilijibu "nipo" kwa sauti ndogo hadi mwalimu akaandika kwamba sikufika. Ninayekwenda dukani kwa njia ndefu ili nisikutane na watu wa kusalimia. Lakini ndivyo ilivyo, na sasa nimeliandika.

Wa kulaumiwa kwanza ni Tantine Jeanine, dada ya Mama, mwenye mgahawa kule Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Anataka msichana wa kusimama mlangoni na kuita wateja. Kupiga kelele! Siku nzima! Mama amesema shule nimemaliza, na kukaa bure haiwezekani. Nikiwa na kazi yangu mwenyewe kufikia Jumapili, nitabaki hapa Kabuta. Nisipokuwa nayo, Jumatatu napanda boti.

Halafu kuna karatasi. Madamu Nora, aliyetufundisha biolojia, ni mtu wa Ireland. Leo amenipa karatasi yenye picha za mashambani kwao, mahali watu wanapokwenda kutembea. Nimeitazama mchana kutwa. Kuna kitu hakiko sawa. Watu wamesimama kwenye matope, mvua inanyesha, wanacheka. Mnara hauna paa, na bado kuna mlango wa kukatia tiketi. Mbwa anakusanya kondoo, watu wanampigia makofi. Mwanamke mzima amekumbatia mwanakondoo, na si wa kula. Katika kinamasi kuna njia ya miguu yenye mishale myekundu ili mtu asipotee, ingawa kinamasi chenyewe kinaonekana mwanzo hadi mwisho.

Wanaficha nini hawa?

Nimegundua jioni, nikichambua matembele. Hawafichi kitu. Ni mishale! Jiwe ni jiwe tu. Jiwe lenye mshale ni kivutio.

Na wazazi wa Madamu Nora wanafika Alhamisi. Wanapenda kutembea.

Jumanne, 14 Januari

Kila walicho nacho Ireland, Kabuta tunacho. Wana mnara usio na paa. Sisi tuna ghala la barafu lisilo na paa. Wana kondoo; jirani yetu ba Chalwe ana mbuzi, na mbwa pia. Wana ziwa. Kwa jinsi ninavyoliona kwenye picha, ni dimbwi.

Tatizo dogo: ziwa letu limefungwa. Tangu Desemba hadi mwisho wa Februari ni marufuku kuvua, samaki wapumzike wazae. Hapa Kabuta samaki wanapumzika mchana tu. Wakaguzi wanapita na mabuti yao, na wakikuta mtumbwi umelowa wanauchukua. Lakini hayo hayahusu mambo ya wageni.

Nilikwenda kwa Madamu Nora. Niliviambia viatu vyake kwamba Jumamosi nitawatembeza wazazi wake. Alifurahi sana, akasema baba yake akikaa kitini kwa muda anaugua. Akauliza kama watu wa ufukweni wanajua. Nikasema wanajua.

Hawajui. Na hawatajua. Ukimwambia mtu mmoja Kabuta, umemwambia Sagesse. Huyo ni binamu yangu, anauza vitumbua bandarini, na sauti yake inafika Kongo bila boti. Mwaka jana nilimwambia nataka kusuka watoto nywele za Pasaka. Kesho yake foleni ya watoto ilikuwa mlangoni kwake. Sijasahau.

Leo alinikuta njiani. Huniita Ya, yaani dada mkubwa. "Ya Léonie, uko unaenda wapi na ile haraka?" Nikasema kuchuma mboga. Akatazama mikono yangu. "Bila kikapu?"

Msichana huyu ananifuatilia.

Jumatano, 15 Januari

Mazoezi. Nimevaa mabuti ya kaka yangu Florent na koti lake la mvua, la kijani. Mtembeza wageni lazima aonekane. Nikashika fimbo. Nilipita ufuko mzima, nikasimama mbele ya kila mtumbwi, nikaunyooshea fimbo na kueleza kwa Kiingereza umechongwaje. Midomo ilicheza vizuri. Sauti bado haijatoka.

Watu wa Kabuta wana wivu! Mama Mirriam alikuwa anaanika chisense, wale dagaa wetu, mchangani. Aliponiona akawafunika wote kwa turubai, kisha akalikalia. Nilimsalimu kwa kichwa. Akasema chini pale kuna mahindi tu. Sikuwa nimeuliza.

Kisha nikaenda kwa ba Chalwe. Nikauliza kama mbuzi wake watakuwepo Jumamosi asubuhi. Akauliza kwa nini. Nikasema nataka tu kujua ni wangapi. Akakuna ndevu. "Mwana wandi, ni nani amekutuma?" Nikasema hakuna. Akauliza kama huyo ambaye hakunituma anataka kujua pia habari ya mitumbwi. Nikasema mitumbwi ndiyo hasa.

Basi akaingia ndani, akatoka na fungu zima la samaki wakavu, akaniwekea mikononi. "Peleka kwa mukubwa yako. Umuambie ba Chalwe anamusalimia sana."

Mkubwa wangu ni Mama. Nikampelekea. Alishangaa, lakini akapika.

Kwa nini mtu atoe samaki bure? Ba Chalwe anataka kitu. Nitamchunguza.

Alhamisi, 16 Januari

Sagesse amekuja. Kaketi juu ya ndoo, kapunguza sauti, jambo ambalo si la kawaida.

"Ya Léonie, sikia. Batu ya bandari banaanza kusema juu yako."

Nikasema sitaki kusikia.

"Lakini banasema weye uko..."

Nikaanza kuimba wimbo wa kwaya. Niliimba kwa sauti, yaani sauti yangu. Ujanja wake naujua: anakupa siri ya bandia ili umpe ya kweli. Alijaribu mara nyingine, nami nikaingia ubeti wa pili. Mwishoni akasimama, akanitazama kwa huruma. Huruma! Nikajua hapo kwamba ana mpango.

"Kichwa nguvu," akasema. "Siku utaniita, mi niko bandarini."

Sitamwita.

Wazazi wa Madamu Nora wamefika. Nimewaona kwa mbali. Mabuti makubwa, makoti ya kijani. Kama mimi kabisa! Ishara njema.

Ijumaa, 17 Januari

Nimeamka kabla ya jogoo. Florent alikuwa na kopo la rangi nyekundu iliyobaki alipopaka baiskeli yake. Nimechora mishale: ghala la barafu, jiwe la kufulia, zizi la ba Chalwe, na mitumbwi yote iliyopinduliwa ufukweni, kila mmoja na mshale wake. Ule wa mtumbwi wa ba Chalwe umetoka mzuri kuliko yote. Nilirudi nyuma kuutazama. Hakuna aliyeniona.

Mchana Kabuta yote ilipata kazi kwa ghafla. Watu wanakimbia na vifurushi vichwani. Baiskeli zinapanda barabara kuelekea Kafutuma, nyuma zimebeba vitu vilivyofunikwa vitenge. Nilimuuliza Mama kuna nini. Akasema hata yeye hajui, watu wananyamaza akipita.

Wanasafisha ufuko! Kwa ajili ya wageni! Nimeguswa sana. Kisha nikajiuliza: nani amewaambia kuna wageni?

Sagesse.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika upesi kabla ujasiri haujaisha.

Mvua tangu asubuhi. Wazazi wa Madamu Nora walifurahia mvua kama watu waliokutana na ndugu. Nikawapeleka hadi ghala la barafu. Nikasema: hili ni ghala. Kwa sauti iliyosikika! Baba akasema ni ghala zuri sana.

Tukafuata mishale. Mshale wa zizi ulionyesha zizi tupu. Mitumbwi hakuna hata mmoja. Mikwaruzo tu mchangani, kuelekea kwenye matete. Turubai la Mama Mirriam hakuna. Watoto hakuna, hata kuku. Sufuria ya bukari, ugali wetu, ilikuwa inachemka peke yake. Jiwe la kufulia lilikuwepo, kwa kuwa jiwe halikimbii. Nikalieleza mara mbili.

Mama yake Madamu akauliza watu wanaishi wapi. Nikasema wanapumzika.

Baba akatoa darubini atazame ndege kwenye matete. Kitu kikatumbukia majini. Kikafuata kingine. Matete yakakohoa. Halafu mbuzi akalia, nikageuka, na sauti ilikuwa inatoka kanisani.

Ndipo ba Chalwe alipotoka, maji kiunoni, mikono juu. Akasema Mungu ni shahidi wake, tangu Novemba hajagusa wavu. Mbwa wake akatoka nyuma yake na kambale mdomoni, samaki bado anapiga mkia. Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya matembezi.

Madamu Nora akaniuliza polepole: Léonie, uliwaambia sisi ni akina nani?

Nikatazama viatu vyake. Kisha nikageukia matete, nikafungua mdomo ili niite watu. Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Ilitoka pumzi tu.

Na nyuma yangu, kutoka upande wa bandari, ile sauti.

"Tokeni! Bote mutoke! Hapana wakaguzi! Ni papa na mama ya Madamu Nora, banatembea tu!"

Kisha sauti ya Mama Mirriam ndani ya matete: "Banatembea kwenda wapi?"

"Hakuna! Banatembea, halafu banarudia!"

"Juu ya nini?"

"Kwao njo vile!"

Matete yakaanza kucheka. Kicheko kikasambaa hadi mwisho wa ufuko, watu wakatoka, wengine na nyavu mabegani, wakazirudisha haraka.

Madamu Nora alimweleza baba yake kilichotokea. Mzee alicheka hadi akakaa juu ya jiwe la kufulia. Akasema kwao zamani watu walipika pombe kali kwa siri katikati ya kinamasi, kama lutuku ya hapa, na wakiona mabuti kijiji kizima kinapotea. Babu yake mwenyewe alilala siku nzima ndani ya mtaro akijificha asionwe na mwenye mabuti aliyekuwa shemeji yake tu, amekuja kusalimia. Akasema hajawahi kutembezwa vizuri namna hii. Akaingia kwenye matope hadi magotini kusaidia kuvuta mtumbwi wa ba Chalwe, mvua inamnyeshea, anacheka. Kama kwenye picha! Na mkewe akakumbatia mwanambuzi, ambaye mwenyewe alishangaa.

Aliyewaeleza yote ni Sagesse. Huyu ni nani, ule mtumbwi uliwahi kufanya nini, yule bibi alivuka ziwa na nini kichwani. Vitumbua vyake viliisha. Mimi nilisimama kando ya mshale.

Ba Chalwe akanijia. Akauliza samaki wake wako wapi. Nikasema Mama amewapika. Akanitazama sana. "Mukubwa yako njo mama yako?"

Jumapili, 19 Januari

Kanisa linanuka mbuzi. Pasta aliomba kwa kifupi.

Baada ya ibada Sagesse alikuja nyumbani. Mama naye alikaa kusikiliza. Madamu Nora ana walimu wenzake kutoka mjini ambao wanataka kuja kutembea, na ba Chalwe amekubali kutoa mbuzi na mbwa, mradi aambiwe mapema.

Sagesse akasema: "Ya Léonie, miye niko na sauti, weye uko na akili. Ile mishale, mi singewaza hata siku moja. Tufanye pamoja."

Mama akanitazama. Uso wake ulishafurahi. Hii ilikuwa kazi. Ilikuwa Jumapili. Nilihitaji neno moja tu.

Lakini nikafikiri. Mtu amekwisha kupata kitu kizima. Kwa nini akugawie nusu? Nilimtazama Sagesse machoni nitafute mpango wake. Hakupepesa. Wenye mipango hawapepesi! Kisha nikaelewa: anataka karatasi ya Ireland. Akishaipata, atanitupa kama nywele za Pasaka.

Nikasema hapana.

Sagesse alinyamaza, labda mara ya kwanza tangu azaliwe. Mama akasimama, akateremsha begi kutoka msumarini. Nilimwona anakunja kitenge changu, anakikunjua, anakikunja tena.

Jumatatu, 20 Januari

Nimo ndani ya boti. Mawimbi madogo. Mwandiko huu ni wa mawimbi.

Mama alinishika kichwa kwa muda mrefu kabla ya kuniachia. Sagesse alikuja ufukweni na mfuko wa vitumbua vya njiani, akalia wazi mbele ya watu. Nilivikagua kimoja kimoja kabla ya kula. Vilikuwa vitumbua. Bado sijui alikusudia nini.

Kabuta imebaki mstari mwembamba. Mshale wa ghala la barafu nimeuona hadi mwisho. Ulinyeshewa mvua na haukufutika. Nilitazama hadi macho yakaniuma, labda kwa sababu ya upepo.

Tantine Jeanine anadhani nakuja kupiga kelele mlangoni. Haitahitajika! Ndani ya begi, chini ya nguo, nina karatasi ya Ireland, na nina kopo la rangi nyekundu, limejaa zaidi ya nusu. Nitaamka kabla ya jogoo. Mishale kutoka bandarini hadi kwenye mgahawa, wateja waifuate wenyewe bila kuitwa. Sasa hivi tunakaribia Kilwa, na nimeona mahali pa kuanzia: ukuta wa duane, pale wanapokagua mizigo. Mpana, mweupe, unatazamana na boti zote. Wanajeshi wawili wameuegemea, lakini alfajiri watakuwa wamelala.

Tantine hajui. Hakuna anayejua. Mwanamke aliyekaa karibu nami anachungulia ninachoandika, nimefunika kwa mkono. Ni wewe tu unayesoma uliyeona. Usimwambie mtu, tafadhali. Na Sagesse akikuuliza, sema nimekwenda kuchuma mboga.