Biro ya Magoti ya Beni

"Wananchi wa Beni mnatangaziwa kwa furaha kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili asubuhi, magoti ya wageni wote yatakuwa chini ya ulinzi wa Leta!"

Ndivyo alivyosoma Chef de poste Stanislas, mkuu wa kituo cha Beni, sokoni, amesimama juu ya pipa la mafuta, kaputula yake nyeupe imepigwa pasi hadi ingeweza kukata mkate. Ilikuwa mwaka wa 1963. Uhuru ulikuwa na miaka mitatu, uasi ulikuwa bado habari ya redio tu, na Leta, yaani serikali, ilikuwa inatafuta kwa bidii kitu cha kulinda.

Nasiba alipiga makofi kuliko wote, mtoto wake Hadidja akiruka-ruka mgongoni. Alidhani Leta italeta sabuni.

Maana kazi yenyewe ilikuwa yake. Kila Ijumaa alikaa mlangoni pa msikiti na sanduku lenye vikwembe saba, vitenge vya kujifunga kiunoni. Madereva wakitoka Kanyabayonga na kaputula zilizojaa oili, au wauzaji wakitoka msitu wa Kasugho vifua wazi, yeye aliwaambia, "Karibu, ndugu. Tunaomba ujifunike kidogo, leo ni Ijumaa." Mtu anacheka, anajifunga, anaingia. Akitoka anarudisha. Jumamosi sanduku lilibebwa hadi kanisani kwa Mama Florentine, naye Jumapili aliwaomba wageni wa misa vilevile. Sanduku moja, dini mbili, na hakuna mgeni aliyewahi kukataa, kwa sababu hakuna aliyewahi kulazimishwa.

Habari hiyo ilipomfikia Chef Stanislas, alikosa usingizi siku mbili.

"Kitu inatembea Beni hii bila kashe, bila muhuri ya Leta?" alimuuliza sekretere wake, Apollinaire. "Batu banatii bila kuandikwa? Mais hiyo ni uasi, Apollinaire! Uasi ya kimya-kimya!"

Ndipo Biro ya Adabu ya Mavazi ya Wageni ikazaliwa, ikiwa na vitengo vitatu: Magoti, Mabega na Vichwa. Vyote vitatu viliongozwa na Apollinaire, mtu mwaminifu sana, aliyepewa metre ya fundi cherehani na kiti cha kukaa mlangoni.

Jumatatu hiyo Apollinaire alikwenda kwa Nasiba kuchukua sanduku kwa niaba ya taifa. Alihesabu vikwembe akiandika. Alipofika cha saba aliona juu ya kifuniko kuna kingine, cha kahawia chenye ndege weupe, kimefuliwa na kukunjwa.

"Ya munane," akaandika. "Iko na ndege."

"Hapana, Bwana Sekretere!" Nasiba alisimama. "Ile njo ya kubebea mutoto. Mama yangu alinibebaka ndani yake, naye ameshakufa. Bila ile Hadidja hapana kulala."

"Mama Hadidja, ilikuwa juu ya sanduku. Kitu iko juu ya sanduku ya Leta, ni ya Leta."

"Na mimi asubuhi nilikuwa nimekaa juu ya sanduku."

Apollinaire alifungua kanuni, akasoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho kwa makini. "Kwa batu bado hatujafika," alisema, akaondoka na sanduku.

Hadidja alilia siku hiyo, akalia siku iliyofuata. Nasiba alimfunga kwa shuka, kwa kitambaa cha jirani, hata kwa kanzu ya mumewe. Mtoto alinusa kila kimoja, akatazama juu kama mtu aliyepewa chenji pungufu, akaanza upya. Basi kila asubuhi Nasiba alitembea hadi Biro kudai kikwembe chake. Hakukasirika. Aliamini kwamba Leta ni changa kama Hadidja, na kitu kichanga kinataka uvumilivu.

"Ili kurudishiwa," Apollinaire alimweleza, "mutu aliyekitumia mwisho atie sahihi."

"Aliyekitumia mwisho ni huyu."

"Basi atie yeye."

Wakapaka kidole gumba cha Hadidja wino, wakakikandamiza kwenye karatasi. Hadidja akakitia kidole mdomoni, kisha akaivuta na karatasi yenyewe, akaitafuna.

Apollinaire aliinamisha kichwa. "Faili imeliwa na mudai. Donc, tunaanza tena."

Wakati huo wageni walikuwa wanapata huduma kwa utaratibu mpya. Mgeni mwenye kaputula alitakiwa kuomba kikwembe ndani ya Biro. Lakini ndani ya Biro haikuruhusiwa kuingia magoti wazi. Wiki ya kwanza watu arobaini na mmoja walipimwa mlangoni, wakazuiliwa, wakakaa ng'ambo ya barabara wakitazamana magoti. Wiki ya pili walikuja wanne. Wiki ya tatu hakuja hata mmoja; malori yalipita Beni bila kupunguza mwendo, na Mwalimu Aruna aliswalisha Ijumaa kwa safu mbili tu.

"Sisi tuliomba tu," Mwalimu alimwambia Mama Florentine walipokutana njiani.

"Hata sisi, Mwalimu. Sasa Padri anahubiria viti."

Sifuri ile ilimtia Chef Stanislas homa. Ripoti ilikuwa inatakiwa jimboni. Ukiandika sifuri, je, maana yake adabu imekamilika, au Biro imelala? Akatoa nyongeza: kwa mujibu wa sheria, mgeni ni kila mtu anayeingia ofisi ya Leta, bila kutazama cheo. "Sheria hapana kujua mutu!" alisema, na sauti ikampendeza hata yeye.

Tangu siku hiyo Apollinaire alimpima Nasiba kila asubuhi. Kikwembe chake kilifika kwenye kifundo cha mguu, naye akaandikwa: Heshima Imethibitishwa. Kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuja, jimbo likapelekewa habari njema kwamba wanawake wa Beni wana adabu asilimia mia moja. Apollinaire mwenyewe alivaa pantalo ndefu, ila hakuweza kujipima. Hayo yangekuwa upendeleo. Na Chef aliingia alfajiri kabla metre haijafika, kwa hiyo kisheria hakuwa anaingia. Alikuwa yumo.

Ripoti iliwashangaza wakubwa hadi wakaamua kuja kuiona adabu hiyo kwa macho. Wajumbe saba walifika Jumanne kwenye lori, wakiongozwa na Mheshimiwa Phinées. Wote saba walivaa kaputula nyeupe na soksi ndefu, kama wazungu waliowaachia viti. Chef Stanislas alitoka nje mbio kuwapokea, mgongoni mwao mawingu ya Ruwenzori yameshakuwa meusi. Nasiba alikuwa amesimama barazani, mtoto analia mikononi.

"Excellence," Chef alisema, "hapa Beni sheria hapana kujua mutu! Mukubwa, mudogo, wote sawa!"

"Nimependa hiyo," alisema Mheshimiwa Phinées, akakanyaga ngazi.

Metre ilimgusa gotini.

"Wazi," alisema Apollinaire. "Hapana kuingia."

Tone la kwanza la mvua likaanguka.

"Apollinaire," Chef alisema akibana meno, "huyu ni Excellence."

"Ndiyo, Chef. Nimeandika: goti ya Excellence, mbili." Kisha, kwa heshima yote, akaweka metre kwenye mguu wa bosi wake, ambaye leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa anaingia. "Na ya Chef, mbili."

Mheshimiwa Phinées alimtazama Chef. "Sheria haijui mutu, ulisema?"

Chef angeweza kusema hapana. Lakini wajumbe sita walikuwa wanamtazama, na mmoja ameshatoa daftari. "Haijui," alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi lete bikwembe. Mvua inakuja."

"Biko ndani," alisema Apollinaire. "Vinatolewa na mutu mwenye heshima iliyothibitishwa." Alifungua kitabu, akapitisha kidole kurasa tatu. "Tuko naye mumoja. Mama Hadidja. Mara kumi na tisa. Sanduku ya bikwembe ilikuwa yake."

Wanaume tisa wakageuka kumtazama Nasiba.

Alimpa Mheshimiwa mtoto amshikie, akaingia. Juu ya meza ya Chef aliandika, kwenye karatasi ya kutolea vikwembe, jina lake lote kwa mwandiko alioupata kwa masista kwenye masomo ya jioni, taratibu, bila kuruka herufi, mvua ikizidi huko nje. Akafungua kabati. Akatoka na vikwembe, akawafunga wajumbe mmoja-mmoja kiunoni kama anavyowafunga madereva.

"Karibu, ndugu," alimwambia kila mmoja. "Tunaomba ujifunike kidogo."

"Kumbe ni hivi tu?" aliuliza Mheshimiwa Phinées, akijitazama maua ya bluu magotini. "Dakika moja? Basi sanduku lirudi kwa huyu mama leo leo. Sisi tutaandika ripoti."

Alimrudishia Hadidja. Nasiba akamweka mgongoni, akamzungushia kikwembe cha nane, cha ndege weupe, akakaza fundo kifuani. Kilio kilikatika katikati. Shavu likalala.

Wajumbe saba waliingia. Chef Stanislas alibaki chini ya ukingo wa bati, maji yanamchuruzika kwenye soksi.

"Mama Hadidja," alinong'ona, "nipe ile ya munane. Dakika kidogo tu. Banafungua kikao!"

Nasiba alimhurumia kweli. Aligusa fundo. "Amelala, Chef," alisema. "Wiki sita hajalala vile."

Chef alikuwa na watoto sita nyumbani. Alifungua mdomo, akautazama uso ule mdogo, hakupata kifungu cha kutumia.

Kutoka dirishani sauti ya Apollinaire ilisikika ikisoma mahudhurio. "Chef de poste Stanislas: hayupo. Sababu: magoti."

"Niko hapa!" Chef alipiga kelele. "Apollinaire, niko hapa!"

"Kwa heshima, Chef, mutu wa inje hapana kusema ndani ya kikao."

"Nasema niko—"

"Shii," alisema Nasiba, kidole mdomoni. "Mutoto."

Na Chef de poste wa Beni akanyamaza, akajibana ukutani, akavuta tumbo ndani ili mama apite.