Muuaji Ndani ya Karatasi ya Senene

Jumatatu, 11 Novemba 2024
Mchapishaji amenirudishia riwaya yangu. Mara ya nne! Roboti mpishi anamuua daktari kwenye sayari ya Mirihi, kachero mzaliwa wa mtaani kwetu Kashai anachunguza. Miaka mitatu nimeiandika. Hakuna binadamu aliyeisoma. Dada yangu Klaudia, kule Muleba, anasema macho yanamsumbua. Macho hayohayo yanachambua senene, panzi wale wa kuliwa, bila miwani!

Lakini nina mbinu. Jirani yangu Mastura anauza senene wa kukaanga, anawafunga kwenye karatasi. Nimempa fotokopi ya riwaya nzima, namba yangu ya simu chini ya kila ukurasa. Mteja atakula, atasoma, atanitafuta apate mwendelezo. Mastura ameuliza tu kama wino hautoki.

Jumatano, 13 Novemba
Simu kimya. Nimeikagua, ina chaji. Sokoni nimemwona mzee mmoja amemaliza senene, akalamba mafuta kwenye ukurasa wa 88, akautupa. Nimeuokota, nimeusoma palepale. Mzuri sana! Sikuwa na mtu wa kumwambia.

Ijumaa, 15 Novemba
IMEITA! Edvina, nesi, anaishi peke yake Kahororo. Ana kurasa tatu, amezianika zikakauka mafuta, anazirudia kila jioni. Ameomba aje kesho asome zote. Machozi yalinilengalenga. Kisha akasema ameshamjua muuaji: roboti mpishi. Kwa kurasa tatu tu! Nimemjibu kwa ukali kwamba amekosea. Baadaye nimefagia chumba mara mbili.

Jumamosi, 16 Novemba
Nimeamua kubadili muuaji kabla mgeni hajasoma. Saa nne akabisha, amebeba ebitoke, ndizi za kupika, na maharage kwenye hotipoti. Nimemwomba angoje kidogo kwa Mastura. Nikamtoa roboti, nikamweka rubani. Kumbe rubani alikufa ukurasa wa tisa! Ikabidi nimfufue. Kutoka nje, saa kumi. Mastura akaniambia mgeni aliondoka saa nane, hakukasirika, alionekana amechoka tu. Hotipoti kaniachia. Nimekula peke yangu.

Jumapili, 17 Novemba
Kanisani nimetafakari kosa langu, nimelielewa vizuri kabisa. Rubani naye, Edvina angemgundua. Kwa hiyo sasa muuaji ni nesi wa Kahororo: mpweke, msomaji sana, anapika vizuri. Hilo hatalibahatisha kamwe! Nimempa Mastura ukurasa huo amfungie Edvina senene wa bure. Akiusoma tu, atapiga mwenyewe.