Uniti Kumi na Mbili za Kifaransa

Jumatatu, 2 Oktoba

Nina miaka sabini na tatu. Nimedumu kuliko vimbunga tisa vyenye majina, mapaa matatu, mbwa wanne, kiwanda cha sukari nilichoanzia kazi, na daktari aliyeniambia nikiendelea kula soseji sitafika hamsini. Yeye ndiye hakufika sitini. Soseji bado nakula.

Daftari hili nimenunua leo. Watu wakubwa huandika mambo yao, na mimi ni mkubwa mtarajiwa.

Habari yenyewe ni hii. Bwana Harkrider, msimamizi wa madaraja yetu matano, anastaafu. Ofisi inatafuta wa kushika nafasi yake. Mimi nimeinua daraja la hapa Galliano miaka thelathini na minane. Meli ikipiga honi nafunga barabara, nabonyeza, daraja linakwenda juu, meli inapita, daraja linarudi. Sijaponda gari la mtu. Gari la padri silihesabu, alisimama vibaya. Kwa hiyo nafasi ni yangu. Ila wameweka sharti jipya: lazima uwe na shahada, angalau ile ya miaka miwili, na karatasi iwe ofisini kabla ya mwezi kwisha.

Walidhani wamenipata. Hawajui nina uniti arobaini na nane kati ya sitini zinazotakiwa kwa shahada hiyo, na darasani sijakaa hata siku moja! Nyingine nilipewa kwa kazi ya injini niliyofanya jeshi la majini. Zilizobaki nimezivuna kwa mitihani. Unakaa mbele ya kompyuta, unachagua majibu, ukifaulu chuo kinakuandikia uniti kana kwamba ulisoma muhula mzima. Ule wa biashara niliufaulu kwa kuchagua kila mara jibu refu kuliko mengine. Jibu refu lina cha kusema.

Zimebaki kumi na mbili. Leo Eula, mke wangu, alikuwa ananisomea orodha ya mitihani kwa sababu miwani yangu imezama mtoni. Akafika kwenye Kifaransa. Ukifaulu vizuri, uniti kumi na mbili kwa mkupuo mmoja.

Kifaransa! Lugha ya wazee wetu hapa Galliano, niliyoinyonya kwa mama. Eula akasema afadhali nisome kidogo. Nikamwambia nilikuwa natukana kwa Kifaransa kabla sijaota meno. Akasema hilo haliko kwenye mtihani.

Mtihani ni Ijumaa ya tarehe kumi na tatu. Nimeshamwambia Harkrider aache kiti chake, asiende nacho.

Alhamisi, 5 Oktoba

Uhaini. Clovis Cheramie naye anautaka usimamizi.

Clovis ni kaka yake Eula. Anaendesha daraja linalofuata, maili nne kusini kwangu. Naye ana uniti arobaini na nane. Naye amejiandikisha Kifaransa, siku ile ile, saa ile ile. Eula ndiye kanifichulia, tena kwa furaha, kana kwamba ni habari njema kwa ukoo.

Huyu Clovis haongei. Siku ya harusi yake padri alimuuliza mara tatu kama anamkubali bibi harusi, mwishowe padri akaridhika na kichwa kutikiswa. Leo nilimwita kwenye redio ya upepo. Nikamwambia shemeji, achana na jambo hili, usimamizi unataka mtu mwenye mdomo. Kimya. Nikamwambia shemeji, utafanya mtihani wa lugha wewe, ambaye hata ile uliyonayo huitumii? Kimya. Halafu nikasikia anatafuna.

Eula anasema ana kitabu. Anasoma kibandani kwake meli zisipokuwepo.

Basi meli ziwepo.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimekuwa na siku tukufu. Kila nahodha wa mashua ya uduvi aliyepita kwangu kwenda kusini nimemwambia hivi: masikio ya Clovis yamekwisha, maskini, na ataka kuficha. Ukifika kwake piga honi, hata kama unapita chini bila taabu. Usiache mpaka atoe kichwa dirishani. Ni kumsaidia.

Wakasaidia. Mashua kumi na saba! Nyingine zilipiga mpaka nikazisikia huku, maili nne. Nikala chakula cha mchana nimesimama, kwa raha. Kitabu gani kitasomeka humo?

Eula aliuliza kelele ile ni ya nini. Nikasema ni msimu.

Jumanne, 10 Oktoba

Mambo mawili yameharibika, lakini si vibaya.

La kwanza, mashua zikienda zinarudi. Zimeanza kunipigia na mimi. Nikamtolea kichwa nahodha Dufrene nikamuuliza ana wazimu gani. Akasema mzee, wewe na Clovis mnakaribiana umri, tumeona tukusaidie na wewe.

La pili, Clovis amenunua hedifoni. Kubwa, za kufunika masikio kama sufuria mbili. Eula alimpelekea chakula akamkuta amezivaa, macho dirishani kuangalia meli, na ndani ya hedifoni bibi mmoja anaongea Kifaransa. Honi hazisikii tena. Anakaa hivyo masaa matatu, manne, anasikiliza, mdomo umefungwa kama benki siku ya Jumapili.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Lugha inafanyiwa mazoezi kwa mdomo! Mimi leo nimezungumza Kifaransa tangu asubuhi, na ndege mmoja, mwari, aliyetua kwenye nguzo, na watu waliosimama kwenye foleni, na mimi mwenyewe. Nilijibizana na mwari vizuri sana hivi kwamba nilisahau daraja juu dakika ishirini. Basi la shule lilikuwa kwenye foleni. Harkrider alipiga simu. Nikamwambia nilikuwa nafanya mtihani wa majaribio. Akasema daraja si darasa, Ovide, teremsha.

Alhamisi, 12 Oktoba

Kesho. Eula amepiga pasi shati jeupe. Kola kaipiga mara mbili.

Nitaandika jambo ambalo silisemi sana. Nilipoingia shule nilikuwa na miaka sita na sikujua neno la Kiingereza. Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha niliyokuwa nayo. Mwalimu akanitoa nje ya mlango, nikajikojolea hapo, wenzangu wakiona dirishani. Kisha akanipa sentensi ya kuandika mara mia mbili: Sitazungumza Kifaransa shuleni. Nikaiandika mwaka ule, na uliofuata. Nilipoacha shule nina miaka kumi na minne, mwandiko wangu ulikuwa wa kuku, isipokuwa sentensi ile. Ile naiandika kama karani wa askofu.

Kesho shule itanilipa kwa Kifaransa hicho hicho. Usimamizi nautaka, sikatai. Ila hili nalitaka zaidi.

Eula alisikia nikisema hivyo jikoni. Hakunitania. Akapiga kola mara ya tatu.

Ijumaa, 13 Oktoba

Niandike upesi nisisahau hata kidogo.

Chumba cha mitihani, saa tatu asubuhi. Msimamizi wake ni Bi. Kliebert, mama mwenye viatu visivyolia. Akatunyang'anya simu, akatukalisha, mimi kwenye kompyuta ya nne, Clovis ya tisa. Akasema ni kimya kabisa. Nikasema naam mama. Nikavaa hedifoni.

Bibi mmoja akaniambia habari za asubuhi.

Sasa mimi nimelelewa. Mtu akikusalimia unaitikia, na kama humjui unamuuliza ni mtoto wa nani, mpaka mjue mnapokutana kiukoo. Nikaitikia. Nikamuuliza ni mtoto wa nani. Hakujibu, akaendelea na habari ya stesheni ya treni. Nikadhani hakunisikia. Nikamwambia kwetu treni hatuna, ila akija nitamchukua na gari. Bi. Kliebert akanigusa bega, akaweka kidole mdomoni. Nikamwomba radhi.

Na nilikuwa naelewa kila neno! Kila neno, naapa, na majibu yalikuwa rahisi kama kuchuma pilipili. Kifaransa chao kimevaa tai, lakini ni ndugu yake hiki changu. Nilibonyeza kumi, ishirini, bila kusita.

Kisha humo masikioni akaja bwana mmoja kapoteza sanduku lake, na bibi wa kaunta anamjibu ovyo. Nikajaribu kunyamaza. Bwana yule alisema ndani mna picha ya mama yake. Bibi akamwambia ajaze fomu. Nikamwambia yule bibi, kwa adabu lakini kwa sauti ya kufika, kwamba mama yake angemsikia angeona haya, na nikamwambia bwana asijaze kitu, asimame pale pale mpaka aitwe mkubwa. Nadhani nilisimama kidogo na mimi.

Bi. Kliebert alinitoa. Alinishika mkono taratibu. Alisema Mzee Naquin, nisamehe baba, ni mara ya tatu na wenzako wanafanya mtihani. Matokeo yamefutwa. Kurudia ni baada ya miezi mitatu.

Akanikalisha kwenye kiti, nje ya mlango.

Nikakaa pale nikautazama ule mlango. Miaka sitini na saba imepita, na nimetolewa tena darasani kwa kuzungumza Kifaransa. Nilingoja nione kama nitalia. Badala yake nikaanza kucheka, peke yangu, mpaka karani akaniletea maji. Katika jimbo zima nani mwingine ametolewa mara mbili? Hayupo.

Na safari hii nilikwenda chooni kwanza.

Jumatatu, 16 Oktoba

Clovis amefaulu. Uniti zote kumi na mbili. Shahada anayo.

Eula alimpikia gumbo, ule mchuzi wetu mzito wa uduvi, naye akaja jana kula kwangu, kwenye kiti changu cha pili kwa uzuri. Nikamuuliza, shemeji, hebu nieleze, uliwezaje wewe? Akameza. Akafuta mdomo. Akasema, "Nilinyamaza."

Eula akaweka mwiko chini. Akasema umesikia, Ovide? Na zile hedifoni asingezinunua kama si honi zile za msimu wako. Kumbe anajua. Nikasema hiyo kunyamaza si mbinu, ni maradhi, na huyu anayo tangu utotoni. Clovis akajiongezea wali.

Jumatano, 1 Novemba

Clovis ni msimamizi wa madaraja matano tangu leo asubuhi. Saa moja kamili alifungua redio ya upepo kusalimia wafanyakazi wake. Tulisikia mbofyo, pumzi, halafu mbofyo. Hotuba ikaisha. Dufrene anasema ni mkubwa bora kuliko wote waliowahi kuwepo.

Mimi sina neno. Nimeshakwenda chuoni, nimejiandikisha upya, tarehe kumi na sita Januari. Uniti hizo nazitaka bado, kiti au hapana kiti. Bi. Kliebert alikubali kwa sharti moja: niandike ahadi kwa mkono wangu kwamba sitazungumza Kifaransa chumbani mwake. Akanipa karatasi, akasema pole pole mzee, chukua muda wako.

Nikaiandika kwa pumzi moja. Akaishika juu kwenye mwanga. Alisema hajawahi kuona mwandiko mzuri kama ule, akauliza nilisomea wapi. Nikamwambia hapa hapa, mama.

Ahadi nimetoa ili nipate mlango. Nimekaa nikafikiri sana juu ya kosa langu, na nimeligundua: nilinong'ona. Ndiyo sababu bibi yule wa hedifoni hakunijibu ni mtoto wa nani. Januari nitapaza sauti. Na yule bwana wa sanduku nimemwandalia maneno mapya, marefu, nayafanyia mazoezi na mwari kila siku. Ameanza kuitikia.

Anayedhani nimetia chumvi amuulize Eula, aliyepiga kola pasi mara tatu. Amuulize Bi. Kliebert, ana karatasi yangu ukutani. Au amuulize Clovis, alikuwa kompyuta ya tisa akasikia yote, ila huyo aende na kiti cha kungojea.