Wodi ya Wazazi ya Marling

"Halmashauri ya Wilaya ya Oxmere ina furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba, kuanzia leo Jumatatu, ukumbi mkubwa wa Hoteli ya Marling si ukumbi tena. Ni wodi ya wazazi. Wazazi wenyewe ni popo. Wananchi wanaombwa kutoa ushirikiano."

Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa pini nne, na Lodi Ambrose Fenwick-Tarrant alilisoma mara mbili kwa furaha. Mtu mwingine angelia. Lakini huyu alikuwa amerithi nyumba ya vyumba arobaini na sita, arobaini vikivuja, akauza farasi wa baba yake, akafungua hoteli na kujifunza kutandika vitanda. Vichwa vya kulungu ambavyo babu yake alivitundika ukutani alivishusha na kuvizika bustanini kwa heshima zote, kasisi akiwepo. Mashamba akayaacha yaote vichaka, akachimba mabwawa ya vyura, na majirani wakakubaliana kwamba amerukwa na akili. Hata sheria ya kulinda popo, yeye ndiye aliyesimama kuiomba katika Bunge la Malodi, baraza la makabaila kama yeye, mbele ya malodi watano, watatu wakiwa macho.

Furaha ilidumu mpaka Bi Hetty Cobbold, mpishi wake aliyemfahamu tangu akitambaa, alipotoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni.

"Na Jumamosi je?"

Jumamosi ilikuwa harusi ya Phoebe, binti wa Hobday mfuga kondoo. Waalikwa mia na ishirini. Hoteli haikuwa na shughuli nyingine ya maana msimu ule, na benki iliyokuwa ikimdai ilishasema wazi: hii ikiharibika, nyumba inakwenda kwa bwana mmoja wa viwanja vya gofu. Bwana huyo alishakuja kupima, akasema mabwawa ya vyura ndiyo yatakayofukiwa kwanza.

Wakaingia ukumbini. Bwana Clement Pargeter, Afisa Mwandamizi wa Viumbe Waning'iniao, alikuwa amepiga magoti sakafuni. Aliokota punje moja nyeusi ya kinyesi, akaisugua kwa vidole viwili. Ikavunjika, ikawa vumbi lenye vimetameta vya mabawa ya wadudu. Cha panya hakivunjiki hivyo, ni kigumu kama mchele mbichi. Bwana Pargeter alikuwa na cheti cha kusugua.

"Cha popo," akasema. "Nimeridhika."

"Hao popo wako darini tangu enzi za babu yake huyu," Bi Hetty akasema. "Wamesikia harusi, matanga na mabomu ya vita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja mapokezi kulalamika."

"Hawajawahi kupewa fomu, mama."

"Na hiyo punje huenda imeletwa na paka."

"Kanuni haiulizi imefikaje. Inauliza ipo au haipo. Ikiwepo ndani ya jengo, jengo ni wodi. Hakuna taa, hakuna muziki, hakuna watu zaidi ya wanne kucheka kwa pamoja, mpaka Septemba, watoto wa popo wakishajua kuruka."

"Hakuna ruhusa maalumu?" Lodi Ambrose akauliza.

"Ipo, mheshimiwa. Hujibiwa ndani ya siku tisini za kazi."

"Lakini harusi ni Jumamosi!"

"Jumamosi si siku ya kazi," Bwana Pargeter akamweleza kwa upole. Akakusanya punje nyingine kadhaa kwenye bahasha kama vielelezo, akaaga.

"Sikiliza, bwana Ambrose," Bi Hetty akasema mlango ulipofungwa. "Tuifanye harusi yetu kimyakimya. Nani atamwambia?"

"Mimi."

"Yaani ujishtaki mwenyewe?"

"Sheria niliiomba mimi, Hetty. Nikiivunja mimi, nani ataishika?"

Bi Hetty akasonya, sonyo refu. "Na mabwawa yako yakifukiwa, hao vyura utawapangisha wapi? Chumbani kwangu?"

Usiku mbili hakulala vizuri. Jumatano akavaa suti ya baba yake, ile yenye matundu ya nondo, akaenda Oxmere kuomba.

Alimkuta Bwana Pargeter ofisini pamoja na Mwenyekiti Plumley, wakipanga dhifa ya mwaka ya halmashauri, ambayo ingefanyika Jumamosi hiyohiyo katika ukumbi wao mpya, ghorofa ya chini ya jengo hilohilo. Lodi Ambrose akaanza kujieleza, ulimi mzito. Katikati ya sentensi macho yake yakaangukia mezani. Ile bahasha ilikuwa imechanika kona, na punje nyeusi zilikuwa zimetapakaa mezani na kwenye zulia, moja ikiwa imeegemea biskuti ya Mwenyekiti.

Uso wake ukang'aa. "Hongereni!" akasema, na ilimtoka moyoni kabisa. "Mbona hamkuniambia kuwa na nyinyi mna wazazi?"

"Hivyo ni vielelezo," Bwana Pargeter akasema. "Nimevitoa kwako."

"Kanuni haiulizi zimefikaje," Lodi Ambrose akamkumbusha, kama anayemsaidia rafiki aliyesahau maneno ya wimbo. "Inauliza zipo au hazipo."

Mwenyekiti akageuka. "Pargeter, ndiyo kanuni yenyewe hiyo?"

Bwana Pargeter alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Angeweza kusema hapana. Badala yake aliokota punje iliyo karibu na biskuti, akaisugua. Ikavunjika.

"Cha popo," akasema kwa sauti ndogo. "Jengo ni wodi." Akainuka, akazima taa.

"Na dhifa?" Mwenyekiti akafoka, kisha akakumbuka wazazi, akanong'ona. "Wageni wanatoka makao makuu!"

Ukumbi mwingine mkubwa wilayani ulikuwa mmoja tu. Ruhusa maalumu ya Marling, ile ya siku tisini, ilitoka kwa dakika kumi na moja ikiwa na mihuri minne, pamoja na maelezo kwamba popo wa Marling "wana uzoefu wa hadhara."

Lodi Ambrose akaisomea dirishani. "Kwa hiyo Jumamosi ukumbi uko huru?"

"Huru kabisa," Mwenyekiti akasema. "Tutafika saa moja jioni, watu themanini."

"Karibuni sana. Ila ukumbini kuna harusi."

"Ahirisha!"

"Siwezi, Mwenyekiti. Nimeshatoa ahadi. Ila banda la farasi liko tupu."

Jumamosi Phoebe alicheza mpaka sakafu ikatikisika, na mzee Hobday akalia machozi juu ya keki. Bi Hetty alihudumia harusi kwanza. Kilichobaki, nyama ya kondoo iliyokwisha kupoa, Lodi Ambrose alikipeleka bandani kwa mikono yake mwenyewe. Alimkuta Mwenyekiti Plumley amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkufu wa cheo shingoni, akisikiliza muziki wa watu.

"Angalau tuhakikishie, Lodi," Mwenyekiti akasema, akitazama juu. "Humu hamna popo?"

"Msiwe na wasiwasi," Lodi Ambrose akasema, akimpa sahani. "Popo wako ukumbini, pamoja na waalikwa."