Sauti Yangu Imekuwa Namba Moja Bila Mimi

Perez Nanjala Ojakol,
Meza za samaki, mlango wa chini,
Soko la Busia.

Kwa Mhariri wa Vipindi vya Muziki,
Redio Mto Sio,
Busia.

Ndugu Mhariri,

KUH: KUONDOLEWA KWA WIMBO "JICHO HALIDANGANYI" KATIKA KUMI BORA ZA MPAKANI

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote mnaofanya kazi pamoja. Mimi mwili ni mzima. Kilichougua ni sauti, tena si kwa kukauka. Ingekuwa imekauka ningechemsha tangawizi na nisingekusumbua. Sauti yangu imeondoka kwangu, ikaenda zake, na sasa ni namba moja katika kipindi chako.

Ninauza samaki katika soko la Busia: mbuta, ngege, na omena wakavu wanaotoka Osieko, kule ziwani. Nilipoolewa nilimkuta mama mkwe wangu anauza, akanipa pembe ya meza, na alipochoka akaniachia meza nzima. Yeye alikuwa mtu wa kunyamaza. Mimi ndiye niliyeanza kuita. Maneno yangu ni haya: geuza uone, geuza mama, jicho halidanganyi! Kila aliyewahi kununua samaki anaelewa. Samaki wa leo jicho lake limejaa na linang'aa; wa juzi limezama, lina ukungu. Basi ninamwambia mteja amgeuze mwenyewe, asitegemee mdomo wangu. Nimeita hivyo mpaka watu wa Matayos wamenizoea kama kengele ya kanisa.

Wakati wa mvua ndogo za mwaka jana, kijana mmoja mrefu alisimama mezani kwangu na simu mkononi. Huyo ndiye Quinton Okwara, mnayemwita Kwito Boda. Alichagua ngege mdogo, kisha akasema, "Mama, rudia hapo." Nikarudia. Akasogeza simu karibu na mdomo wangu. "Tena mama, na nguvu kidogo." Mhariri, nilidhani kijana ana shida ya masikio na simu ndiyo inayomsaidia kusikia. Nilimhurumia. Nikaita kwa kifua changu chote, nikamwongezea kiganja cha omena, nikamwambia, "Mungu atakufungua." Alinishukuru sana. Sasa ninajua kwa nini.

Kabla ya Krismasi wimbo ukatoka. Unaanza na ngoma, halafu mimi, halafu Kwito anamlilia msichana aliyemwacha, halafu mimi tena. Ulipigwa kwa vinyozi, kwa wauza simu, kwa wachoma mahindi. Ukavuka mpaka bila kitambulisho. Upande wa Uganda wakautoa upya kwa Kiganda, Eriiso Terilimba, lakini sauti yangu wakaiacha vilevile, sijui ni heshima au walikosa mwingine. Likaja toleo la polepole la kuingiza maharusi. Ikaja albamu nzima, na juu yake picha ya jicho. Hilo si jicho la mbuta, Mhariri. Ni jicho la msichana, tena limepakwa rangi. Kama kuna jicho linalodanganya, basi ni lililopakwa rangi.

Yafuatayo ni malalamiko yangu.

1. Wateja wananicheza badala ya kununua. Nikiita "geuza uone," wanainua mikono na kugeuka wao. Mzee mmoja alitoka Matayos na kikapu chake, akasimama mbele yangu, akacheza mpaka jasho likamtoka, akanipigia makofi, akarudi nyumbani na kikapu kitupu na furaha tele. Hajawahi kuniuliza bei. Wiki iliyofuata alikuja na mkewe, wakacheza wote wawili.

2. Ninaitwa mwizi. Mwalimu mmoja wa Funyula, mtu mwenye adabu zake, alinisubiri nimalize kuita kisha akaniambia polepole, "Mama, si vizuri kutumia kazi ya msanii. Tafuta maneno yako mwenyewe." Nilimwambia ni yangu. Akatabasamu kama anavyomtabasamia mtoto aliyesema mbwa ndiye amekula daftari. Baadaye akaja kijana aliyejitambulisha kuwa meneja wa Kwito, jina lake Levis. Akasema, "Mama, hiyo chorus ni yetu saa hii. Ukiendelea kuiimba hapa soko bila ruhusa, unatuharibia."

Nikamjibu, "Kijana, mimi siimbi. Mimi nauza mbuta."

"Sawa mama, lakini uza kwa melodi ingine."

Nilijaribu, Mhariri, kwa kuwa mimi ni mtu wa amani. Siku nzima niliita, "Karibuni samaki." Hata paka hawakuja.

3. Mume wangu. Ojakol ni Mteso mpole, na tangu tuoane amesema sauti yangu inapita ukutani. Usiku nikizungumza, yeye hujifunika mto kichwani. Sasa ameweka wimbo huo kuwa mlio wanaousikia wanaompigia simu. Juzi niliishiwa na barafu nikampigia aniletee. Hakupokea. Nikabaki nimeshika simu sikioni huku nikijipigia kelele mimi mwenyewe, geuza mama, geuza mama, mpaka simu ikakatika. Aliporudi nikamuuliza kwa nini hakupokea. Akasema, "Nilikuwa nasikiliza redio. Ulikuwa unaimba."

4. Kanisani. Nilisimama kutoa ushuhuda kuhusu goti langu lililopona. Nikasema kwa unyenyekevu, "Ndugu zangu, Mungu hadanganyi." Vijana wa kwaya wakaitikia, "Geuza!" Wapiga ngoma wakaingia. Mzee Osukuku, katekista wetu, alisimama kuwatuliza, lakini niliona kiatu chake kikigonga sakafu. Goti langu halikusikilizwa tena.

5. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jirani yangu wa meza ni Wilkister. Tumeuza pamoja miaka mingi, tumeombolezeana, na sina neno baya juu yake isipokuwa moja: Wilkister hapendi kumaliza barafu yake. Samaki akichelewa kununuliwa, yeye humwosha uso na kumrudisha mezani. Zamani haikunihusu, maana Wilkister haiti. Lakini baada ya Krismasi alinunua kipaza sauti, akachomeka flashi yenye wimbo wa Kwito, akakiweka katikati ya samaki wake. Kuanzia asubuhi mpaka jioni sauti yangu inapiga kelele mezani kwake. Ndiyo, Mhariri, sauti yangu inaapia samaki ambao mimi mwenyewe nisingempa nguruwe.

Nilimwambia, "Wilkister, dada yangu, zima hiyo kitu."

Akanijibu, "Mimi nasikiliza tu muziki, Perez. Si redio pia wanacheza? Enda uzime redio."

Ndiyo maana nimekuja kwako, lakini bado hujasikia.

Kuna mama anaitwa Amuron. Anapikia madereva wa malori pale Malaba, wanaosubiri kuvuka. Amenunua kwangu tangu akiwa na sufuria moja. Mwezi uliopita alikuwa na haraka, akamtuma mpwa wake ambaye hanijui. Akamwambia, "Ingia mlango wa chini, fuata sauti. Ukisikia jicho halidanganyi, nunua hapo." Binti akafuata sauti. Sauti ikampeleka kwa Wilkister.

Madereva walikula. Lori moja la saruji halikusogea kutoka kwenye foleni siku mbili, kwa sababu dereva wake alikuwa hawezi kukaa kwenye kiti kwa muda mrefu. Waliokuwa nyuma yake walipiga honi, naye hakuwa na nguvu ya kuwatukana.

Amuron alikuja mwenyewe. Hakugomba. Afadhali angegomba. Alisimama mbele yangu akasema, "Perez, mimi niliamini sauti yako." Nikamweleza habari ya kipaza sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nilimwambia mtoto afuate sauti. Sikumwambia afuate sura." Kisha akaenda meza ya tatu, kwa mtu asiyeita kabisa, akanunua huko. Mhariri, nilikaa chini. Nimewahi kupoteza samaki wa gunia zima kwa jua, na sikukaa chini.

6. Nilimfuata Kwito nimweleze ana kwa ana, nikanyimwa nafasi ya kulalamika. Alikuwa na onyesho Malaba, kwenye uwanja ulio karibu na foleni ya malori. Nilivaa nguo ya kanisani ili aone kuwa nimekuja kwa jambo zito. Nilisukuma watu mpaka mbele kabisa. Kijana akaniona, akasimamisha muziki, akapiga magoti pale juu jukwaani. "Wananchi!" akasema. "Mama mwenyewe huyu hapa!" Nikavutwa juu, nikapewa maikrofoni.

Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Nilikuwa nianze na heshima, nipitie kwa Wilkister, nimalizie kwa Amuron. Nikafungua mdomo. Uwanja wote ukanisubiri, Wakenya na Waganda, na madereva wamekaa juu ya malori yao. Sijui ni nini kilichotokea. Kilichotoka ni "geuza uone." Malori yakapiga honi mpaka ardhi ikatetemeka. Ilinibidi nirudie, kwa sababu waliokuwa nyuma huenda hawakusikia. Nikarudia tena kwa ajili ya wale wa upande wa kushoto. Hapo tena ningelalamika saa ngapi?

Nilimpata nyuma ya jukwaa. Nikamwambia yote, na habari ya Amuron nikaisema nikiwa na machozi. Kijana aliinamisha kichwa. Akasema, "Mama, sikujua. Nilidhani unafurahia. Unataka nifanye nini?"

Nikamwambia, "Toa sauti yangu humo."

"Mama, una hakika? Bila wewe hiyo ngoma ni mimi nalia tu."

"Itoe. Lia peke yako."

Akaniahidi kwa mikono miwili. Lakini tangu siku hiyo wimbo bado unapigwa kama kawaida, na mtangazaji wako wa asubuhi ameanza kuniigiza. Ananiigiza vibaya.

Kwa hayo yote, ninaomba ofisi yako ifanye mambo yafuatayo. Kwanza, wimbo huo uondolewe katika Kumi Bora, pamoja na wa Kiganda na wa maharusi. Pili, mtangaze hewani kwamba sauti iliyo katika wimbo haimhakikishii mtu yeyote samaki yeyote, mahali popote. Tatu, kama hayo hayawezekani, basi Kwito Boda aletwe mezani kwangu siku za soko, avae aproni, aite yeye, maana sauti anayo. Nne, kama naye hawezi, mtangazaji wako wa asubuhi aje, ajue tofauti. Wapo wanaonishauri nidai fedha. Sidai. Fedha haziwezi kumwambia Amuron asimame meza ipi.

Nashukuru kwa kunisikiliza kwa maandishi, mahali ambapo hakuna anayeweza kucheza. Nisalimie fundi wenu wa mitambo, mlinzi wa getini, na yule binti anayesoma matangazo ya vifo. Anasoma vizuri, hana haraka na marehemu wa mtu. Msalimie pia mama yako popote alipo. Hata mtangazaji wa asubuhi, msalimie kidogo.

Wako katika haki na samaki wabichi,

Perez Nanjala Ojakol.

Tanbihi: Barua hii ilikuwa tayari kwenye bahasha leo asubuhi mlipopiga toleo jipya. Kwito ametimiza ahadi yake. Sauti yangu imetolewa na amewekwa msichana kutoka Nairobi. Mhariri, niliacha kupara samaki. Msichana huyo anasema "geuza" kama mtu anayeomba radhi. Halafu anasema "macho hayadanganyi." Macho! Samaki akilala mezani unaona jicho moja tu, na muuzaji mjanja huweka juu lile zuri. Ndiyo maana ya kugeuza! Hapa sokoni hakuna aliyecheza. Wilkister mwenyewe alizima kipaza sauti chake, akaniangalia, akasema, "Perez, wamekukosea," na wanawake wote wa meza za samaki wakasema ni kweli. Kwa hiyo tafadhali usishughulike na kifungu cha kwanza mpaka cha sita, wala maombi yangu manne. Rudisheni wimbo wa zamani leo leo, kabla watu hawajamzoea huyo mtoto. Na kama mitambo yenu inaruhusu, mwambieni fundi aongeze sauti kidogo pale ninapoingia.